Kumlinda Mzee Dhidi ya Wizi wa Utambulisho wa Bima ya Afya

Anayetumia kadi ya bima ya mtu mwingine haibi fedha pekee. Huacha ugonjwa wake katika kumbukumbu za mwenye kadi. Mzee wa Maretadu aweza kuandikiwa dawa asizowahi kumeza au kundi la damu lisilo lake. Akifikishwa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom akiwa hajitambui, kosa hilo laweza kumgharimu uhai.

Mbinu zinazotumika

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamtaka kila mkazi awe na bima, na pilika za uandikishaji ni mwanya kwa matapeli. Wapo wanaopiga simu wakidai uanachama umesitishwa, kisha huomba fedha au namba ya siri. Wengine hupita nyumba kwa nyumba wakichukua alama za vidole, ambazo zaweza kusajilia laini za simu kwa jina la mzee. Njia iliyo ngumu zaidi kukemewa ni ndugu kuazimana kadi, kwa kuwa huonekana kama wema.

Wajibu wa familia

Wazee wengi wa Mbulu huzungumza Kiiraqw kwa wepesi kuliko Kiswahili, na ujumbe wa simu husomewa na mjukuu. Mjukuu huyo ndiye mlinzi wa kwanza. Asitaje namba ya siri ya mzee kwa yeyote. Ujumbe wa kitapeli autume kwenda 15040. Apige *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mzee. Mwandikishaji asiyetambulishwa na uongozi wa kijiji asipewe alama za vidole.

Wajibu wa mhudumu

Mwache mzee ataje mwenyewe jina na umri wake. Usimtajie ili aitikie tu. Linganisha sura na picha, na mrudishie kadi mkononi. Kabla ya kuongeza damu, pima kundi upya. Taarifa zisipolingana, tibu dharura kwanza, kisha chunguza kwa faragha bila kumfedhehesha.

Aliyeazima kadi mara nyingi ni mgonjwa asiye na kadi yake. Wazee wasiojiweza wenye miaka 60 na zaidi wana haki ya msamaha wa gharama za matibabu. Mwelekeze kwa afisa ustawi wa jamii, atibiwe kwa jina lake mwenyewe.