Mtaalamu Akikosea: Bima Yake na Haki Yako

Madhumuni ya somo hili

Baada ya kulisoma somo hili, mtumiaji wa huduma ataweza kueleza maana ya dhima ya kitaaluma, kuuliza maswali yafaayo kabla ya kumkabidhi mtaalamu kazi, na kuchukua hatua zipasazo mara anapogundua kosa. Maelezo yaliyomo yanahusu sheria za Kenya.

Mfano wa kuanzia

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja, mfanyabiashara wa nguo, anataka kununua kiwanja kwa shilingi 3,200,000, fedha alizoziweka akiba kwa miaka mingi pamoja na nyingine atakazolipa kwa awamu. Kwa kuwa hataki kutapeliwa, anamwajiri wakili na kumlipa ada yake. Wakili anaandika mkataba wa mauzo, lakini hapekui sajili ya ardhi. Anaitegemea nakala ya upekuzi iliyoletwa na muuzaji mwenyewe, nayo ni ya miezi minane nyuma. Miaka miwili baadaye, awamu zote zimelipwa, mama anataka hati iandikishwe kwa jina lake. Hapo ndipo inapobainika kwamba kiwanja kilikuwa kimewekwa rehani benki kabla ya mkataba kutiwa saini, na sasa benki inakiuza kwa mnada. Muuzaji haonekani.

Je, mama huyu amepoteza kila kitu? Hapana. Hata hivyo, kiasi atakachookoa kinategemea mambo matatu: wajibu wa wakili, bima ya wakili, na wepesi wa mama mwenyewe kuchukua hatua.

Dhima ya kitaaluma ni nini?

Dhima ya kitaaluma ni wajibu wa kisheria wa mtaalamu kufidia hasara iliyosababishwa na uzembe wake katika kazi. Mtaalamu ni mtu anayetegemewa kwa elimu na ujuzi ambao mteja hana: wakili, daktari, mhandisi, msanifu majengo, mhasibu, mkadiriaji wa thamani ya mali, dalali wa bima na wengineo.

Si kila matokeo mabaya ni uzembe. Mgonjwa anaweza kufariki akiwa mikononi mwa daktari hodari, na kesi inaweza kushindwa ilhali wakili ametimiza kila lililompasa. Mahakama huuliza: je, mtaalamu wa fani hiyo mwenye ujuzi wa kawaida angetenda hivyo? Kipimo hiki kilielezwa nchini Uingereza mwaka 1957 katika kesi ya Bolam iliyohusu matibabu, na mahakama za Kenya zimekitumia mara nyingi. Mdai hutakiwa kuthibitisha mambo manne: kwamba mtaalamu alikuwa na wajibu kwake, kwamba aliukiuka, kwamba hasara ilitokea, na kwamba hasara hiyo ilitokana na ukiukaji huo.

Katika mfano wetu, wakili mwangalifu angepekua sajili yeye mwenyewe kabla ya fedha kutoka, na upekuzi huo ungeionyesha rehani. Madai ya mama yana msingi.

Bima ya dhima ya kitaaluma

Hukumu ya mahakama haina faida ikiwa aliyeshindwa hana uwezo wa kulipa. Ndiyo sababu sheria imekuwa ikiwataka wataalamu wa fani mbalimbali wakate bima ya dhima ya kitaaluma. Mtaalamu hulipa ada kwa kampuni ya bima kila mwaka. Mteja akidai fidia kwa haki, kampuni hulipa kwa niaba yake hadi kikomo kilichokubaliwa.

Kwa mawakili, kanuni za mwaka 2004 zilizotungwa chini ya Sheria ya Mawakili zinamtaka wakili anayejiendeshea ofisi yake awe na bima isiyopungua shilingi 1,000,000. Kwa madaktari, mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2019, sheria za afya ziliporekebishwa. Bodi ya zamani ya madaktari iligeuzwa kuwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na bima ya dhima ya kitaaluma ikawa sharti kwa wenye leseni. Madalali wa bima nao hutakiwa na Sheria ya Bima kuwa na kinga ya namna hiyo. Katika fani ambazo sheria haijaweka sharti hilo, mteja ana hiari ya kuliweka katika mkataba, na kwa kazi kubwa kama ujenzi wa nyumba ni busara kufanya hivyo.

Mambo manne ambayo wengi hawayajui

Kwanza, bima ina kikomo. Shilingi milioni moja ni kiwango cha chini kabisa kilichowekwa mwaka 2004, na tangu wakati huo bei za ardhi zimepanda sana. Ikiwa wakili wa mama yetu ana bima ya kiwango hicho tu, bima haitafikia hata theluthi moja ya hasara ya shilingi 3,200,000. Sehemu iliyobaki atapaswa kudaiwa wakili mwenyewe, kutoka katika mali yake. Kwa hiyo swali la kumwuliza mtaalamu si kama ana bima tu, bali pia kikomo chake ni kiasi gani.

Pili, bima hii huangalia siku ya madai, si siku ya kosa. Bima ya gari hulipa kwa kufuata siku ajali ilipotokea. Bima nyingi za dhima ya kitaaluma haziko hivyo: bima inayohusika ni ile iliyopo siku madai yanapotolewa. Wakili aliyekuwa na bima mwaka 2022 alipokosea, akaacha kuilipia mwaka 2023, huenda asiwe na kinga yoyote mteja anapodai mwaka 2024. Vivyo hivyo kwa mtaalamu aliyestaafu bila kukata bima ya kuendelea baada ya kustaafu. Kwa sababu hiyo, kila mwezi unaopita bila wewe kuandika barua ya madai unaweza kukugharimu.

Tatu, bima hulipia uzembe, hailipii wizi. Wakili aliyesahau kupekua sajili amezembea. Wakili aliyezipokea fedha za mteja na kuzitumia kwa mambo yake ametenda kosa la jinai, na kwa kawaida mkataba wa bima haumkingi mwenye bima kwa udanganyifu wake mwenyewe. Fedha za ununuzi ziwekwe katika akaunti ya wateja ya wakili, zisitumwe kamwe kwenye simu yake au akaunti yake binafsi, na risiti idaiwe kila zinapolipwa.

Nne, ukimya wa mtaalamu si lazima uwe dharau. Mikataba mingi ya bima humkataza mtaalamu kukiri kosa au kuahidi malipo kabla ya kampuni ya bima kuridhia. Daktari au wakili ambaye hadi jana alikuwa mchangamfu anaweza kuwa mwenye maneno machache ghafla. Usitumie muda wako kumlazimisha aombe radhi. Mwombe aiarifu kampuni yake ya bima, tena kwa maandishi.

Karatasi ya kujiondolea lawama

Baadhi ya wateja hukata tamaa kwa kuwa walitia saini maneno ya kumwondolea mtaalamu lawama. Kwa upande wa mawakili, jambo hili liko wazi: kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakiyapi nguvu makubaliano yanayomwondolea wakili wajibu wake kwa uzembe wa kitaaluma. Hata kama mama yetu alitia saini karatasi ya namna hiyo, haki yake ya kudai ingali palepale.

Kwa upande wa hospitali, ridhaa ya matibabu si ruhusa ya uzembe. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake, tiba zilizopo, hatari zake na gharama zake, kabla hajatoa ridhaa. Anapotia saini anakubali hatari za kawaida za tiba alizoelezwa. Hakubali kutibiwa kwa uzembe. Sheria hiyo pia inampa kila mtu haki ya kulalamika kuhusu namna alivyohudumiwa katika kituo cha afya, na malalamiko hayo kuchunguzwa.

Muda wa kufungua kesi

Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashauri, madai yanayotokana na mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6, na yale ya uzembe yasiyotegemea mkataba ndani ya miaka 3. Dhidi ya Serikali muda ni mfupi zaidi: miezi 12 kwa madai ya uzembe na miaka 3 kwa ya mkataba. Aliyetibiwa vibaya katika hospitali ya umma asidhani kwamba ana muda sawa na wa aliyetibiwa katika hospitali ya kibinafsi. Mahakama inaweza kuongeza muda katika hali chache, lakini asiyelazimika kuomba nyongeza hiyo yuko salama zaidi.

Zingatia pia kwamba kupeleka malalamiko kwa chombo cha nidhamu hakusimamishi hesabu ya muda wa kufungua kesi mahakamani.

Kabla ya kumkabidhi mtaalamu kazi

1. Hakikisha amesajiliwa na ana leseni ya mwaka huu. Chama cha Mawakili na Baraza la Madaktari huwezesha umma kutafuta majina ya wanachama na wenye leseni.
2. Omba kuona cheti chake cha bima. Soma jina la mwenye bima, jina la kampuni, tarehe ya mwisho na kikomo cha fidia.
3. Linganisha kikomo hicho na thamani ya kazi yako. Kikiwa kidogo, mwombe akiongeze au mtafute mwingine.
4. Andika mapatano: kazi gani ifanywe, kwa ada gani, lini. Katika ununuzi wa ardhi, iandikwe kwamba wakili ndiye atakayepekua sajili, na kwamba hakuna malipo yatakayotoka kabla ya matokeo ya upekuzi.

Kumwuliza mtaalamu bima yake si ukosefu wa adabu. Mtaalamu anayetii sheria hujibu swali hilo bila kukasirika.

Mara unapogundua kosa

1. Kusanya kumbukumbu: mkataba, risiti, ujumbe wa simu, picha, matokeo ya vipimo. Una haki ya kupata taarifa zako. Taasisi ya umma inatakiwa kujibu ombi la taarifa ndani ya siku 21 chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kupata taarifa zinazokuhusu hata kutoka hospitali ya kibinafsi.
2. Mwandikie mtaalamu barua ya madai yenye tarehe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri au kutiwa saini na aliyeipokea. Maneno machache yanatosha:

"Tarehe fulani nilikukabidhi kazi fulani. Naona kwamba haikufanywa ipasavyo kwa sababu zifuatazo. Hasara niliyopata ni kiasi fulani. Nakudai fidia, na nakuomba uiarifu kampuni yako ya bima kuhusu barua hii na unijulishe jina lake."

3. Peleka malalamiko panapostahili. Ya wakili hupelekwa kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Ya daktari kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Ya kampuni ya bima au dalali wake kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima.
4. Tafuta ushauri wa wakili mwingine kuhusu fidia. Kazi kuu ya chombo cha nidhamu ni kumwadhibu mtaalamu na kulinda umma. Kwa hasara kubwa, mara nyingi mahakama ndiyo njia ya kufidiwa.
5. Usipokee malipo ya "kumaliza mambo" kabla ya kuelewa unachotia saini. Hati ya makubaliano ya mwisho inaweza kufunga mlango wa madai mengine yote.

Tumrudie mama

Tuseme mama yetu aliandika barua yake wiki ileile aliyogundua rehani. Bima ya wakili ilikuwa hai, na kampuni ikaarifiwa kwa wakati. Kampuni ikikubali madai, italipa hadi kikomo cha shilingi milioni moja. Sehemu iliyobaki ataifuata kwa wakili mwenyewe na kwa muuzaji, akipatikana. Njia hiyo ni ndefu, na huenda asirudishiwe senti zote. Lakini angalisubiri mwaka mzima kwa ahadi za "tutazungumza", huku wakili akifunga ofisi na bima ikikoma, hata hiyo milioni moja ingepotea. Na kama siku ya kwanza angaliuliza kikomo cha bima na kutaka matokeo ya upekuzi mbele ya macho yake, pengine kiwanja hicho asingalikinunua kabisa.

Maswali ya kujipima

1. Taja mambo manne ambayo mdai hutakiwa kuthibitisha.
2. Daktari alikuwa na bima mwaka aliokutibu, lakini hana bima mwaka huu unapomdai. Kwa nini jambo hili ni muhimu?
3. Wakili anakuonyesha cheti cha bima chenye kikomo cha shilingi 1,000,000, nawe unanunua nyumba ya shilingi 6,000,000. Utachukua hatua gani?
4. Ndugu yako alijeruhiwa kwa uzembe katika hospitali ya Serikali miezi tisa iliyopita. Amebakiwa na muda gani wa kufungua kesi ya uzembe?

Jadili majibu yako na jamaa au na wenzako katika chama. Wengi huanza kutafuta maarifa haya baada ya hasara kutokea. Ni heri wewe uwe nayo kabla.