Kauli ya Kutendua na Kipokezi cha Nuru: Funzo la Istilahi

Utangulizi

Msafiri atokaye Migori huvuka mpaka pale Isebania na kuingia Sirari. Upande wa Kenya, waya unaobeba mawasiliano kwa nuru huitwa faiba. Upande wa Tanzania huitwa mkongo, neno lililoingia hata katika jina rasmi la Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Kitu ni kimoja, majina ni mawili, na yote yanatosheleza mazungumzo ya sokoni. Makala haya yanauliza swali jingine: je, Kiswahili kina maneno ya kueleza kinachotendeka nuru inapofika mwisho wa uzi? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba kinayo, na kwamba sehemu kubwa ya maneno hayo imo tayari katika sarufi ya kitenzi.

Usuli

Mwaka 1966 Charles Kao, akifanya kazi Uingereza, alionyesha kwamba kioo kilichosafishwa vyema kingeweza kupitisha nuru kwa masafa marefu. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009, mwaka uleule ambapo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Kutoka pwani nyuzi zilisambazwa bara, na mradi wa serikali uitwao NOFBI ulikusudiwa kuzifikisha katika kaunti, Homa Bay na Migori zikiwemo.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitolewa mwaka 1990. Vipokezi vinavyojadiliwa hapa vilianza kuingia sokoni mnamo mwaka 2008. Kwa hiyo pengo la istilahi si kosa la watangulizi. Ni deni la kizazi cha sasa.

Kazi ya Kipokezi

Kipokezi cha awali kilitambua jambo moja tu: nuru ipo au haipo. Kipokezi cha kasi kubwa huchanganya nuru iliyofika na nuru ya leza yake chenyewe, kikapata mikondo minne ya umeme. Mikondo hiyo hupimwa mabilioni ya mara kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu. Kuanzia hapo kazi yote ni hesabu, ndiyo maana huitwa uchakataji wa ishara kidijitali. Hatua zake kuu ni nne.

Kwanza ni kukusanya kilichotawanyika. Rangi za nuru hazisafiri kwa kasi moja ndani ya kioo. Ni kama waendesha bodaboda walioondoka Rongo pamoja kuelekea Migori: wote watafika, ila si kwa wakati mmoja. Katika uzi wa kawaida wa kilomita 100, ishara ya alama bilioni 28 kwa sekunde hutawanyika kiasi kwamba alama moja hufunika muda wa alama 10 hivi. Hata hivyo, kiasi cha mtawanyiko hutegemea urefu na aina ya uzi. Hivyo hujulikana, na kijulikanacho huweza kutenduliwa kwa hesabu ya kinyume.

Pili ni kutenganisha. Nuru hutikisika katika mielekeo miwili, na kila mwelekeo hubeba ujumbe wake. Njiani jumbe hizo huchanganyika, na mchanganyiko hubadilika kadiri joto na mitikisiko inavyougusa uzi. Kipokezi hulazimika kujirekebisha huku kikiendelea kupokea.

Tatu ni kulinganisha. Leza ya mtumaji na leza ya mpokeaji ni mithili ya saa mbili zisizokubaliana. Kipokezi hukadiria tofauti ya mawimbi yao na kuiondoa.

Nne ni kusahihisha. Mtumaji huongeza tarakimu za ziada zilizopangwa kwa kanuni, ili mpokeaji agundue makosa na kuyarekebisha bila kuomba ujumbe urudiwe.

Mjadala

Mwanafunzi wa mofolojia atabaini kwamba hatua tatu za kwanza zina mantiki moja: uzi umetenda, kipokezi kinatendua. Mantiki hiyo Kiswahili kinayo katika kauli ya kutendua: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, tata na tatua. Kwa msingi huo yanapendekezwa utenduaji mtawanyiko kwa hatua ya kwanza, utatuaji mielekeo kwa ya pili, na ulinganishaji mawimbi kwa ya tatu.

Hatua ya nne ni tofauti, na sarufi inasaidia kuona sababu. Kelele inayoingia njiani haina kanuni inayojulikana, kwa hiyo haitenduliki. Makosa iliyoyasababisha husahihishwa tu. Hivyo istilahi ifaayo ni usahihishaji bila marudio. Leza na faiba yanaweza kubaki maneno ya mkopo, kwa kuwa ni majina ya vitu. Vitendo, kwa upande mwingine, vinafaa kutajwa kwa vitenzi ambavyo msikilizaji anavielewa tangu utotoni.

Hitimisho

Homa Bay yenyewe inatoa onyo. Katika Mfangano na Rusinga, Kisuba kilipoteza nafasi yake kwa Kidholuo kadiri shule, kanisa na soko vilivyozoea lugha ile nyingine. Lugha hupungua shughuli kwa shughuli. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya tangu Katiba ya mwaka 2010, lakini fizikia bado hufundishwa kwa Kiingereza. Mjaluo, Mkuria na Msuba wanaokutana kazini kutengeneza mtambo mmoja huzungumza Kiswahili mpaka wafikapo kwenye kiini cha kazi, kisha hukiacha. Wajibu wa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili ni kuingia maabara pamoja na wahandisi, kuuliza kila kifaa kinafanya nini, na kuandika jibu kwa kitenzi kabla ya kulitafutia nomino.