Homa ya Bonde la Ufa: Mnyororo wa Mvua, Mbu, Mifugo na Watu

Mnamo mwaka 1931 wataalamu watatu waliokuwa wakifanya kazi nchini Kenya, yaani Daubney, Hudson na Garnham, walitangaza habari za ugonjwa ambao sayansi ilikuwa bado haijauandika. Ugonjwa huo ulizuka katika shamba la kondoo karibu na ziwa Naivasha, ndani ya Bonde la Ufa. Wanakondoo walikufa kwa wingi mno muda mfupi baada ya kuzaliwa, na kondoo waliokuwa na mimba walizitupa. Mizoga ilipopasuliwa, maini yalionekana yameharibika vibaya. Wachungaji wa shamba walishikwa na homa na maumivu ya mwili, na baadhi ya watu waliokuwa wakifanya uchunguzi wakaugua vile vile.

Liko jambo moja katika habari hiyo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kuliangalia, nalo ni kazi za hao watu watatu. Daubney na Hudson walikuwa wataalamu wa mifugo. Garnham alikuwa daktari wa binadamu. Basi tangu siku ulipopewa jina, ugonjwa huu ulihitaji macho ya namna mbili ili uonekane mzima. Katika makala haya tutaeleza jinsi unavyosafiri kutoka ardhini hadi kwa mtu, na kwa nini hauwezi kuzuiwa na idara moja peke yake, hata idara hiyo iwe na wataalamu hodari namna gani.

Kirusi kilichojificha udongoni

Homa ya Bonde la Ufa husababishwa na kirusi. Tuanze na mahali kinapojificha, maana hapo ndipo penye ajabu.

Mbu tuliowazoea majumbani hutaga mayai juu ya maji. Mbu fulani wa jenasi ya Aedes hawafanyi hivyo. Wao hutaga katika udongo wenye unyevu, kwenye kingo za mabonde madogo yasiyo na kina, ambayo hujaa maji wakati wa masika na kukauka kabisa wakati wa kiangazi. Udongo wa mahali hapo aghalabu ni ule mweusi wa mbuga, usiopitisha maji kwa urahisi. Maji yakikauka, mayai hubaki udongoni yakiwa hai, na yanaweza kukaa hivyo miaka kadhaa. Mwaka 1985 watafiti waliofanya kazi Kenya walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mbu waliokuzwa kutokana na viluwiluwi vilivyochotwa katika mabonde ya namna hiyo walikuwa na kirusi ndani yao, ijapokuwa hawakuwahi kumwuma mnyama yeyote. Maana yake ni kwamba mama alikuwa amekipitisha kirusi ndani ya mayai.

Kwa hiyo, miaka inapita, mvua ni za kawaida, na hakuna mgonjwa. Kisha huja mwaka wa mvua nyingi zisizokatika. Mabonde hufurika, na mayai ya miaka mingi huanguliwa kwa pamoja. Mbu hao huwauma kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia, na katika damu ya wanyama hao kirusi huzaana kwa wingi sana. Hapo mbu wa aina nyingine, hasa wa jenasi ya Culex, wapendao maji yaliyotuama kwa wiki nyingi, hunyonya damu hiyo na kukieneza kirusi mbali na lile bonde lilikoanzia. Kuanzia hapo hata mafuriko yakipungua, ugonjwa unaweza kuendelea.

Binadamu huambukizwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuumwa na mbu. Ya pili, ambayo watu wengi hawaitazamii, ni kugusa damu, majimaji au viungo vya mnyama aliyeambukizwa: wakati wa kuchinja, kuchuna ngozi, kumsaidia mnyama kuzaa, au kuokota kijusi kilichotupwa. Unywaji wa maziwa yasiyochemshwa nao unatiliwa shaka. Nyama iliyopikwa ikaiva na maziwa yaliyochemka havina hatari, kwa kuwa kirusi hufa kwa moto. Hakuna ushahidi wa kuambukizana kati ya mtu na mtu katika maisha ya kawaida.

Dalili huanza baada ya siku 2 hadi 6: homa, maumivu ya misuli, kichwa kuuma. Walio wengi hupona ndani ya wiki moja hivi. Wachache hupata madhara ya macho au ya ubongo, na wachache zaidi, chini ya 1 katika kila 100, hutokwa na damu. Kati ya hao wa mwisho nusu hivi hufa.

Mwanafunzi azingatie hapa jambo lifuatalo. Mganga wa zahanati anamwona mtu mwenye homa katika nchi ya malaria: si ajabu. Mfugaji anaona kondoo ametupa mimba: si ajabu, kwa sababu magonjwa yanayotupisha mimba ni mengi. Mpima mvua anaandika milimita zake: si ajabu, ni masika. Kila mmoja ana habari ya kawaida. Habari hizo tatu zikiwekwa juu ya meza moja, ndipo zinapokuwa habari ya hatari.

Nani alijua nini, na lini

Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uliolinganisha milipuko iliyotokea Afrika Mashariki tangu 1950 na hali ya bahari. Ilionekana kwamba milipuko ilifuata mvua kubwa, na kwamba mvua hizo zilihusiana na kuongezeka kwa joto la maji katika Bahari ya Pasifiki na sehemu ya magharibi ya Bahari ya Hindi. Kwa kuwa bahari hupata joto kabla ya mvua kunyesha, na kwa kuwa setilaiti huweza kupima joto hilo pamoja na ukijani wa nchi, hatari ingeweza kutabiriwa miezi kadhaa mapema. Utafiti huo ulichochewa na msiba uliotangulia: katika mafuriko ya 1997 na 1998, maambukizo kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia yalikadiriwa kufikia 89,000.

Utabiri ulijaribiwa upesi. Katika miezi ya mwisho ya 2006 wanasayansi wa Shirika la Anga la Marekani (NASA) waliona dalili zile zile, na mwezi wa Novemba Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) likatoa tahadhari. Katikati ya Desemba, Wizara ya Afya ya Kenya ilipokea taarifa za vifo vya watu waliokuwa na homa na kutokwa damu wilayani Garissa. Hadi tarehe 20 vifo vilikuwa 11. Wagonjwa 19 wa kwanza walipimwa damu, na 10 kati yao wakaonekana kuwa na ugonjwa huu.

Basi mbingu zilikuwa zimesema, na watu wakafa. Kwa nini?

Baada ya mlipuko, wataalamu wa mifugo walikwenda kuwauliza wafugaji. Wafugaji wa Kisomali walikuwa na jina lao la ugonjwa huu, sandik, linalotokana na kutokwa damu puani. Walikumbuka mpangilio wa mambo kwa usahihi mkubwa: mvua kubwa zilianza, wiki tatu hivi baadaye yakaja makundi ya mbu, wiki mbili na kitu baadaye wanyama wakaanza kuugua, na wiki mbili na nusu hivi baada ya hapo akaonekana mtu wa kwanza mgonjwa. Huduma za mifugo, kwa upande wake, zilifika takribani miezi miwili baada ya wanyama wa kwanza kuugua.

Ni rahisi kulaumu uvivu, lakini haitakuwa haki. Barabara zilikuwa chini ya maji, mabwana mifugo walikuwa wachache, na eneo ni kubwa mno. Kwa maoni yangu kasoro ilikuwa mahali pengine. Tahadhari ilifika kama ramani, haikufika pamoja na mafuta ya gari. Na yule aliyekuwa akiona wanyama wakiugua kila asubuhi hakuwa na njia ya kumfikishia habari mtu mwenye maabara. Zile wiki mbili na nusu kati ya mnyama wa kwanza na mtu wa kwanza ndizo zilizokuwa na thamani kuliko zote, nazo zilipita bure.

Mlipuko ulivuka mpaka. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, Kenya iliripoti wagonjwa 684 na vifo 155. Tanzania, kuanzia Januari hadi Mei 2007, wagonjwa 264 na vifo 109. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake tarakimu hizi wazigawanye. Watapata asilimia 23 hivi kwa Kenya na 41 kwa Tanzania. Je, kirusi kilikuwa kikali zaidi Tanzania? Tarakimu hizi haziwezi kutuambia hivyo. Wanaohesabiwa ni wale waliofika hospitali na kutambuliwa. Mahali ambapo wagonjwa wenye homa nyepesi hawahesabiwi, kigawanyo hupungua na asilimia ya vifo hupanda, hata kama ugonjwa ni ule ule.

Gharama ya kusema kweli

Kuna chanjo ya mifugo. Chanjo ya kwanza ilitengenezwa na Smithburn kutokana na kirusi kilichopatikana kwa mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944. Hutolewa mara moja na kumkinga mnyama kwa muda mrefu, na ni ya bei nafuu. Hata hivyo ina masharti. Huweza kumfanya mnyama mwenye mimba aitupe. Tena haifai kutolewa ugonjwa ukiwa umekwisha kuingia zizini, kwa kuwa sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi huweza kuchukua kirusi kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima. Kwa hiyo chanjo ni lazima itangulie mbu. Nayo idara ya mifugo hupangiwa fedha kwa mwaka, wakati ugonjwa unaweza kukaa miaka kumi bila kuonekana. Nani atanunua dawa ya mvua ambayo bado haijanyesha?

Mwaka 2015 tahadhari ilitolewa tena. Mlipuko mkubwa kama ule wa 1997 haukutokea. Hatuwezi kusema kwa uhakika kama maandalizi yaliuzuia au mvua tu hazikufika kiwango, na jambo hilo huwapa taabu wanaoomba fedha kwa mara inayofuata.

Upande wa mfugaji ni mgumu zaidi. Ugonjwa ukithibitishwa, minada hufungwa, kuchinja hupigwa marufuku na mifugo haihamishwi. Hatua hizo ni za lazima. Saudi Arabia ilizuia mifugo kutoka Pembe ya Afrika mwaka 1998, na tena mwaka 2000 ugonjwa ulipozuka huko Saudi Arabia kwenyewe na Yemen, mara ya kwanza nje ya Afrika. Hata hivyo, mtu ambaye kondoo wake ndio ada ya shule na chakula cha nyumbani, akijua kwamba taarifa yake italeta marufuku tu bila fidia wala chanjo, atakuwa na sababu nzito ya kunyamaza. Atauza wale wanaoonekana wazima, haraka, kwa bei ya chini. Hapo ugonjwa hupata gari la kuupeleka mjini.

Ndiyo maana mambo haya hayawezi kuachiwa Wizara ya Afya peke yake. Kenya iliunda kitengo cha pamoja cha wizara za afya na mifugo mwaka 2011. Tanzania iliweka uratibu wa Afya Moja chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, mahali panapofaa, kwa kuwa wizara moja haina mamlaka ya kuiamuru nyingine.

Zoezi kwa darasa

Mwalimu achague wanafunzi watano na kumpa kila mmoja kipande cha karatasi ambacho wengine hawatakisoma. Mpima mvua: "Mvua ya mwezi huu imefika mara tatu ya kawaida." Mfugaji: "Mbu ni wengi hata ng'ombe hawalishi, kondoo sita wametupa mimba." Bwana mifugo: "Sijapata taarifa yoyote, pikipiki haina mafuta." Mganga wa zahanati: "Wagonjwa watatu wa homa hawakupona kwa dawa ya malaria." Mchinjaji: "Kondoo wanaoletwa wameongezeka na bei imeshuka ghafla."

Katika kila duru kila mwanafunzi azungumze na mtu mmoja tu amtakaye. Duru moja ihesabiwe kuwa siku tatu. Darasa lihesabu ni siku ngapi zitapita hadi mmoja wao awe amekusanya habari zote tano, kisha walinganishe na zile wiki mbili na nusu. Baadaye zoezi lirudiwe, na safari hii wote watano waruhusiwe kukutana baada ya kila duru mbili.

Huenda mchinjaji akakaa duru kadhaa bila kuulizwa na mtu. Mwalimu asimsaidie, anyamaze na kuendelea kuhesabu siku ubaoni.