Noa Kisu Chako Mwenyewe

Wahenga walinena kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mimi nasema hata muuza sukuma wiki anakihitaji.

Mama yangu huuza sukuma iliyokatwa tayari, jioni, kando ya barabara. Kisu kikiwa butu, majani hupondeka badala ya kukatika, na mteja huhamia kwa jirani. Tena kisu butu ni hatari: hutiwa nguvu nyingi, kikateleza, kikala kidole. Fundi anayenoa kwa baiskeli hufanya kazi upesi, lakini gurudumu lake hula chuma, na kisu huzidi kuwa chembamba. Ndiyo maana nilijifunza kunoa kwa mkono, na sasa visu vyote vya nyumbani ni kazi yangu.

KINOO

Si lazima kiwe cha bei. Kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kuna kinoo cha kijivu chenye pande mbili: mmoja unakwaruza, wa pili ni laini. Kiloweshe maji, ukiweke juu ya kitambaa kibichi kisiteleze.

JINSI YA KUNOA

Kwanza, pembe. Inua mgongo wa kisu kwa theluthi moja ya upana wake. Kisu cha upana wa sentimita 3, mgongo uinuke sentimita 1. Ukipima utapata karibu nyuzi 20. Kumbe hesabu si za mtihani tu!

Pili, paka makali wino wa makapeni. Sugua mara mbili tatu kwenye upande unaokwaruza, kisha utazame. Wino ukibaki kwenye ukingo kabisa, umekilaza kisu mno. Ukitoka ukingoni tu, umekiinua mno.

Tatu, sugua upande mmoja, kuanzia karibu na mpini hadi ncha, bila haraka, mpaka upande wa pili uhisi mkwaruzo mwembamba wa chuma. Pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje. Usikipitishe kufuata makali, utajikata. Mkwaruzo huo ndio mwalimu. Usipouhisi, usigeuze kisu hata kama mkono umechoka, maana hujafika kwenye makali. Ukiuhisi kote, geuza, ufanye vivyo hivyo.

Nne, rudia kwenye upande laini ukipunguza nguvu, mara moja huku, mara moja kule. Malizia kwa kuvuta kisu kinyumenyume juu ya mshipi mkuukuu wa ngozi, ili mkwaruzo uondoke.

Sasa kijaribu kwa karatasi ya daftari kuukuu au nyanya iliyoiva. Ukitazama makali chini ya taa, panapong'aa bado pana ubutu.

Kinoo nacho kikibonyea katikati, kisugue kwenye sakafu ya saruji kwa mchanga na maji mpaka kinyooke.

Kinolewacho hupata, wenzangu. Jikoni kwenu kuna kisu butu. Usingoje fundi apite.

Mwanachama, Kidato cha Tatu