Geuza Kwanza, Lipa Baadaye: Vidokezo 6 vya Kukusanya Mabizimu ya Mikanda ya Kijerumani

Umeliona mnadani au mtandaoni: bizimu la mkanda wa askari wa Kijerumani, taji katikati, na muuzaji anaapa kuwa ni la Vita Kuu ya Kwanza. Moyo unadunda, mkono umeshafika mfukoni. Subiri kidogo! Dakika chache zinatosha kujua kama umeshika historia au bati lililotoka kiwandani juzi. Haya, twende kazi.

1. Soma maneno kabla ya kuuliza bei

Kabla ya 1918, Ujerumani ilikuwa dola lenye falme kadhaa ndani yake, na askari wa kila ufalme alivaa kaulimbiu yake kiunoni. "Gott mit uns", yaani Mungu yu pamoja nasi, ni Prussia, na imekuwa kwenye mabizimu yao tangu 1847. "In Treue fest" ni Bavaria. "Providentiae Memor", hicho ni Kilatini, ni Saxony. "Furchtlos und trew" ni Württemberg. Ziandike hizo nne kwenye simu yako na tayari umewapita wanunuzi wengi! Ukikuta "Einigkeit Recht Freiheit", hilo ni la Bundeswehr, jeshi lililoundwa 1955. Ni zuri, ila usilipe bei ya vita.

2. Uso hudanganya, mgongo husema

Hiki ndicho kidokezo ninachokithamini kuliko vyote. Mabizimu ya chuma na ya alumini ya kipande kimoja yaligandamizwa kwa mashine kutoka kwenye bati jembamba, kwa hiyo palipoinuka mbele huwa pamebonyea nyuma. Lile la shaba la Prussia ni tofauti: duara lenye taji lilitengenezwa peke yake, kisha likalehemiwa juu ya bamba la shaba. Tafuta alama za kulehemu. Bandia nyingi humiminwa kwenye kalibu, na hujisaliti kwa vitobo vidogo vya hewa, herufi butu na uzito usio wa kawaida.

Usiishie hapo. Tazama kulabu na sehemu inayoshika mkanda: miaka ya kuvaliwa husugua mahali palepale panapogusana, haisugui kila mahali kwa usawa. Mengine bado yana ulimi wa ngozi uliogongwa jina la kiwanda na mwaka. Mji wa Lüdenscheid utaukuta mara nyingi, maana viwanda vyake vya vifungo na vyombo vya chuma vilitengeneza mabizimu kwa wingi. Ngozi ikiwa laini na safi kama ya jana huku mwaka ukisema 1916, uliza maswali. Muuzaji asiyetaka kupiga picha ya nyuma? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwage kwa heshima.

3. Tembea na sumaku

Sumaku ndogo haina bei na haimchukizi mtu. Shaba na alumini hazivutwi, chuma huvutwa. Bizimu linalong'aa kama shaba lakini uso wake unanasa sumaku ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Lakini usikimbie kila chuma! Vita vilipopamba moto, shaba ilihitajika kwa risasi na mizinga, ndipo kuanzia 1915 mabizimu ya chuma yaliyopakwa rangi ya kijivu yakaenea. Hayo ni halali kabisa, na mara nyingi ni nafuu kwa anayeanza.

4. Weka chini hiyo dawa ya kung'arishia!

Najua, vidole vinawasha. Lakini weusi ule wa shaba na mabaki ya rangi ya kijivu ni sehemu ya thamani, na ukivisugua havirudi. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, basi. Ukungu wa kijani unaoota shaba inapogusana na ngozi uondoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mti. Kama unaishi Tanga, Mombasa au popote penye hewa ya chumvi, hifadhi kwenye kisanduku kikavu pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

5. Tai wa Hitler: nenda polepole

Kuanzia 1936 jeshi la nchi kavu lilivaa tai mwenye swastika, huku "Gott mit uns" ikibaki. Jeshi la anga lilikuwa na tai anayeruka, bila maneno. Ya SS, kikosi cha chama cha Nazi, ni miongoni mwa yanayoghushiwa zaidi, na ushauri wangu kwa anayeanza ni mmoja: yaache. Ujerumani, kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuonyesha alama hizo hadharani, isipokuwa kwa shughuli kama elimu, utafiti na sanaa. Hata ukiishi mbali, tunza vitu hivi kama ushahidi, pamoja na maelezo ya nani aliteswa chini ya alama hizo. Havifai kuwa mapambo ya sebuleni.

6. Usichimbe, uliza wazee

Vita ya 1914 ilifika kwetu: Tanga mnamo Novemba 1914, Salaita karibu na Taveta mnamo Februari 1916, hadi kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliposalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Usiende huko na jembe. Risasi na mabomu ya zamani bado hulipuka, na kitu kikishang'olewa ardhini bila maelezo, historia yake imepotea. Na kama babu wa ukoo wenu alikuwa askari au mpagazi wa vita ile na akaacha bizimu, kitufe au medali, andikeni jina lake, kijiji chake na alikopigana, leo hii, kabla hamjazungumza bei na mtu yeyote.