SOMO: MTU MKIMYA NAYE AJIJENGEE JINA



Vijana wetu wanaotafuta kazi siku hizi huambiwa neno moja kila waendako: "Jitangaze!" Mwenye maneno mengi hulifurahia shauri hilo. Lakini yuko kijana mwingine, mkimya, ambaye akilisikia huvunjika moyo, akajiona hana fungu lake duniani. Tumewaona wa namna hiyo wakiacha hata kupeleka barua ya kuomba kazi. Wengine hujilazimisha kuchangamka kama wenzao, kisha huchoka na kukata tamaa. Hiyo ni hasara kwao na kwetu sote, maana ufundi wao hubaki umefungiwa ndani. Somo hili ni kwa ajili yao, na kwa wazazi na walimu wanaowashauri.

1. Ukimya ni nini?

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Kuona haya ni kuogopa watu watasema nini. Ukimya wa tabia ni jambo jingine. Carl Jung, daktari wa Uswisi, katika kitabu chake cha mwaka 1921, alieleza kuwa wako watu ambao nia yao huelekea nje, kwenye watu na mambo, na wako ambao nia yao huelekea ndani, kwenye fikira zao. Wala hakusema kuwa mojawapo ni ugonjwa. Mtu mkimya aweza kuwapenda watu sana, ila kundi kubwa humchosha upesi, na akikaa peke yake hupata nguvu tena. Basi mtu huyo hahitaji dawa. Aonyeshwe njia inayomfaa.

2. Chapa haipigi kelele

Jina la mtu katika kazi yake, siku hizi wengi huliita "chapa". Wafugaji wanaijua chapa tangu zamani. Ng'ombe mwenye chapa hatangazi kuwa ni wa nani. Alama iliyo mwilini mwake yatosha.

Wenzetu wa pwani nao wana mfano wao. Huko Mombasa alikuwako mfanyabiashara wa kanga, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, ambaye biashara yake ilianza mwaka 1887. Kanga zake zilichapwa maneno "K.H.E. Mali ya Abdulla". Kila mama aliyejifunga kanga ile akaenda nayo sokoni au arusini aliitembeza alama hiyo, bila mwenye duka kufungua kinywa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, lakini chema hujiuza kikiwa kimepangwa mkekani, watu wakakiona. Kikiwa ndani ya gunia lililoshonwa mdomo, nani atakinunua? Hapo ndipo wakimya wengi wanapopotewa: hufanya kazi nzuri, halafu huificha.

3. Jina hujengwa kabla ya siku yake

Tumwangalie Mama Rosa Parks wa mji wa Montgomery, Alabama, huko Marekani. Alikuwa mshonaji katika duka kubwa, mtu wa maneno machache. Tangu mwaka 1943 alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Kazi ya katibu mnaijua: kuandika mambo ya mikutano, kupokea malalamiko, kutunza kumbukumbu. Haina makofi.

Tarehe 1 Desemba 1955 alikataa kumwachia mzungu kiti chake katika basi, akakamatwa. Hakuwa wa kwanza. Mwezi Machi mwaka huohuo, katika mji huohuo, msichana wa miaka 15, Claudette Colvin, alikamatwa kwa jambo kama hilo, na baadaye alitoa ushahidi wake mahakamani. Lakini alipokamatwa Mama Parks, viongozi walimwona kuwa ndiye mtu ambaye mji wote ungesimama nyuma yake, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuaminiwa. Watu weusi wakasusia mabasi kwa siku 381, mpaka ubaguzi ule ukaondolewa mabasini. Ujasiri ulikuwa wa siku moja. Jina lilikuwa la miaka 12 ya kazi ya kimya.

4. Njia nne za kufuata

Kwanza, ujulikane kwa jambo moja. Katika miaka yetu ya chuo cha ualimu, tulipokwenda kuwakagua wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, tulimkuta binti ambaye hakusikika ofisini mwa walimu. Lakini andalio lake la somo lilikuwa tayari kila asubuhi, na zana zake alizitengeneza mwenyewe kwa maboksi na vizibo vya chupa. Mazoezi yalipokwisha, mwalimu mkuu alituuliza kama angeweza kurudishiwa "yule wa zana". Hilo ndilo jina.

Pili, weka alama kwenye kazi yako. Fundi cherehani ashone kitambaa kidogo chenye jina lake ndani ya ukosi. Seremala apige picha kila kitanda kabla hakijachukuliwa. Mwenye kuomba kazi aambatanishe kazi aliyokwisha kuifanya.

Tatu, shika siku uliyoahidi. Ni nani asiyemjua fundi wa "njoo kesho" wakati wa Krismasi? Fundi asemaye Ijumaa, na nguo ikawa tayari Ijumaa, hahitaji kipaza sauti.

Nne, tumia mshenga. Kwetu kijana hakwenda mwenyewe kujisifu kwa wakwe. Alitumwa mtu anayemfahamu, mwenye kauli. Hata katika kazi ni hivyo. Mteja aliyeridhika, mwombe aseme neno kwa jirani yake mmoja. Kuomba hivyo si majivuno, maana yeye atasema alichokiona.

Hata hivyo, iko siku utaulizwa mwenyewe. Siku ya usaili mshenga hakai kitini pako. Kwa hiyo andaa mapema sentensi tatu: wewe ni nani, unafanya nini, na umekwisha kumfanyia nani. Zizoee kwa sauti nyumbani, mbele ya mtu mmoja unayemwamini.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Kuna tofauti gani kati ya kuona haya na kuwa mkimya? Toeni mifano.
2. Katika vikundi vyetu, kazi hupewa anayeifanya vizuri au anayesema sana? Tufanyeje ili wakimya wasipitwe?

Zoezi la nyumbani: Kila mmoja aandike jina la mtu mkimya anayeijua kazi yake kuwa ni njema. Kabla ya Jumapili ijayo, amtaje kwa mtu mmoja anayeihitaji kazi hiyo.