Usile Mukeke Siku ya Dozi

Msongo wa mawazo wakati wa tibakemikali, yaani matibabu ya dawa zinazoua seli zinazogawanyika kwa kasi, hautokani na hofu ya saratani peke yake, kwa kuwa mwili nao hujifunza kuogopa, na ukishajifunza hausikii maneno ya faraja. Bujumbura ina wahaka wake mwingine: uhaba wa petroli unaomweka mgonjwa kwenye foleni ya basi tangu alfajiri, na mpaka wa Rwanda, uliofungwa na serikali ya Burundi Januari 2024, ambao uliwavuruga waliotarajia kwenda Kigali kwa tiba ya mionzi. Hayo hayamo mikononi mwa mgonjwa. Yaliyomo ni kulala kwa ndugu aliye karibu na hospitali usiku wa kuamkia dozi, na kumwuliza daktari kama vidonge vya deksamethasoni, ambavyo hufukuza usingizi, vinaweza kumezwa asubuhi badala ya jioni.

Linalostahili maelezo marefu ni kichefuchefu cha kutangulia, yaani kile kinachomshika mgonjwa kabla dawa haijaingia mshipani, kwa sababu ubongo umeshaunganisha harufu ya wodi na mateso yaliyofuata dozi iliyopita. Chakula nacho hunaswa vivyo hivyo. Mwandishi wa makala haya alitibiwa saratani ya titi kwa doksorubisini, dawa nyekundu inayoweza kuugeuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili, na siku ya dozi ya kwanza wifi yake wa mtaa wa Buyenzi alimletea mukeke, samaki wa Ziwa Tanganyika, aliyechomwa na kujazwa vitunguu, kwa nia njema ya kumtia nguvu. Usiku ule tumbo lilirudisha kila kitu, na tangu hapo moshi wa mukeke kwenye majiko ya barabarani ulitosha kumfanya aegemee ukuta na kutema mate, hata mialiko ya jioni, ambayo ndiyo ingemwondolea upweke, akaanza kuikwepa.

Jambo hilo lilikwisha kuchunguzwa Marekani, ambako mwaka 1978 mtafiti Ilene Bernstein alionyesha kwamba watoto waliopewa aiskrimu ya ladha ngeni kabla ya tibakemikali waliikataa baadaye. Mwaka 1987 yeye na mwenzake Broberg wakaonyesha kwamba peremende yenye ladha kali, ikiliwa kati ya mlo na dawa, huubeba mzigo huo wa chuki, na chakula chenyewe husalimika zaidi. Peremende hiyo ni kama kafara: hutolewa ili baya liipate yenyewe, wengine wapone.

Kuanzia dozi ya pili, basi, mwandishi alikula ugali mkavu kidogo nyumbani, na muuguzi alipokuwa akitundika dripu yeye alifumba mdomo juu ya peremende ya tangawizi iliyokuwa kali kiasi cha kumtoa machozi, ambayo hakuigusa siku nyingine yoyote. Baada ya muda hata karatasi yake ya kufungia ilimchefua, na huo ulikuwa ushindi, maana ndagala, yaani dagaa, na maharage ya nyumbani yalibaki matamu. Mukeke alirudi mezani polepole, kwanza bila vitunguu, muda mrefu baada ya dozi ya mwisho.

Wachuuzi hawakosekani katika safari hii ya matibabu. Muuza mitishamba mmoja aliapa kwamba chupa yake husafisha sumu ya dripu, ilhali mitishamba mingine hubadilisha namna ini linavyoshughulikia dawa, hivyo chupa ya namna hiyo isinywewe bila daktari kujua. Wauza wigi nao humsifia mgonjwa aliyenyonyoka nywele bandia zinazochemsha kichwa katika joto la Bujumbura, wakati kipande cha kitenge laini hufunika kichwa kwa bei ndogo zaidi.

Peremende haichukui nafasi ya ondansetroni wala dawa nyingine ya kuzuia kutapika aliyoandikiwa mgonjwa, na homa inayofika nyuzi 38 humpeleka hospitalini saa hiyohiyo, kwa kuwa chembe nyeupe za damu zinaweza kuwa zimepungua mno. Kuhusu ladha, ichaguliwe ile ambayo hakuna mtu nyumbani anayeipenda, kwani baada ya matibabu haitaingia tena mlangoni.